Kutoa vitabu kabatini: yaliyotukuta tukiwafundisha watoto wa awali kutumia maktaba

Vitabu vya hadithi vya darasa letu vilikuwa salama salimini. Vilikaa kwenye kabati la chuma ofisini kwa Mwalimu Mkuu, limefungwa kufuli, na kila ukaguzi ulipofika vilihesabiwa vikatimia. Havikuwa na doa wala kona iliyokunjika, kwa sababu hakuna mtoto aliyewahi kuvigusa.

Nafundisha darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali, pembezoni mwa mji wa Morogoro. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 madarasa yetu yamefurika. Langu lina watoto zaidi ya 60, wengi wao wa miaka mitano. Naandika kwa walimu wenzangu wanaotamani kuwa na maktaba ya darasa lakini wanaogopa. Mna haki ya kuogopa. Vitabu vitachanika, vingine havitarudi, na kuna siku utatamani kulirudishia kabati kufuli lake. Mimi nilitamani mara nyingi.

Hofu yenyewe tuitazame kwanza, maana ndiyo inayofunga maktaba nyingi, wala si ukosefu wa vitabu. Kitabu kikiingia shule kinaandikwa kwenye leja kama mali ya shule. Kikipotea, anayeulizwa ni mwalimu. Nilipoomba vitabu vya hadithi vihamie darasani, Mwalimu Mkuu aliniuliza swali moja tu: "Vikipotea utalipa wewe?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye leja.

Kilichotuokoa ni kutenganisha. Vitabu vya kiada vikabaki kwenye leja kuu. Vitabu vya hadithi tukavifungulia daftari lake, na kamati ya shule ikakaa ikaandika kwenye muhtasari kwamba hivi ni vitu vinavyotumika na kwisha, kama chaki na madaftari, na kwamba kila mwisho wa mwaka vilivyochakaa vitafutwa kwenye daftari bila mwalimu kudaiwa. Usianze kabla ya karatasi hiyo kusainiwa. Bila hiyo, kila mtoto atakayegusa kitabu utamwona anagusa mshahara wako, na watoto wanaiona hofu usoni mwa mwalimu hata asiposema neno. Muhtasari huo ulichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote. Wajumbe wawili walitaka kwanza vitabu vifungwe minyororo mezani, kama kalamu za benki. Nilicheka. Baadaye nikaja kusoma kwamba S. R. Ranganathan, mkutubi wa India aliyeandika kanuni tano za maktaba mwaka 1931, alipoeleza ile ya kwanza, kwamba vitabu ni vya kutumiwa, aligusia watu wa zamani wa Ulaya waliokuwa wakifunga vitabu kwa minyororo. Kwa hiyo wajumbe wetu walikuwa na wenzao.

Kabati lilipofunguliwa, robo tatu ya vilivyokuwamo havikumfaa mtoto wa miaka mitano. Kulikuwa na maboksi ya msaada kutoka ng'ambo: vitabu vya kompyuta za zamani, sarufi ya Kiingereza ya sekondari, hadithi ndefu zisizo na picha hata moja. Msaada ni msaada, lakini ukivipanga vyote kwa ajili ya kuonekana una vitabu vingi, mtoto atachukua kitabu cha kwanza, hakitamwambia kitu, atachukua cha pili, hivyo hivyo, halafu ataamini vitabu vyote viko namna hiyo. Tulibakiza vyenye picha kubwa na maneno machache, vya Kiswahili kwanza. Vya Kiingereza tulivyobakiza ni vile ambavyo picha zinajitosheleza. Kimoja kina watoto wanacheza kwenye theluji, na darasa zima lilikubaliana kwamba ule ni unga wa sembe umemwagika.

Pengo tulilijaza kwa njia mbili. Kwanza, harambee ndogo ya wazazi ikanunua vitabu vichache mjini. Kitabu kizuri cha picha ni elfu tano na kuendelea, kwa hiyo usitegemee kununua rundo. Pili, kuna African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2014, wenye hadithi nyingi za Kiswahili ambazo leseni yake inaruhusu kuchapa na kugawa bure. Kuchapa kwa rangi steshenari ni ghali, basi tukachapa nyeusi na nyeupe na watoto wakapaka rangi wenyewe. Sikutarajia kwamba vitabu hivyo ndivyo vingegombaniwa kuliko vyote. Mtoto aliyempaka fisi rangi ya zambarau anarudi kila siku kumwangalia fisi wake.

Rafu hatukuwa nazo. Tulinunua sokoni matenga ya mbao, yale ya kubebea nyanya, yaliyokwisha kutumika. Ukifuata njia hii, pitisha msasa kila upande na uvunje misumari yote iliyochomoza. Tulizungushia ndani mfuko wa sulfeti ili vibanzi visiguse kurasa, tukayainua matenga juu ya matofali kwa ajili ya mchwa, na tukavipanga vitabu vikitazama mbele, jalada kwa mtoto. Kitabu kilichosimamishwa kikaonyesha mgongo hakimwambii lolote asiyejua kusoma. Na kwa sababu hiyohiyo, ondoa makaratasi ya khaki. Sisi walimu tuna mazoea ya kuvalisha vitabu khaki ili vidumu. Vinadumu kweli, lakini vyote vinafanana na mtoto hawezi kukitambua alichokipenda jana. Tumia nailoni inayopitisha mwanga.

Kila tenga lilipata rangi yake na kila kitabu kikabandikwa kipande cha rangi hiyo kwenye mgongo. Tulianza na tepu za umeme, zile mafundi wanazofungia nyaya, kwa sababu ni rahisi na zina rangi zote. Joto la Januari likayeyusha gundi yake, vitabu vikagandana na vidole vikanata. Tukabadilisha: karatasi ya rangi, juu yake selotepu inayopitisha mwanga. Halafu kulikuwa na mvulana aliyerudisha vitabu vyekundu kwenye tenga la kijani kila mara, nami nikadhani ni ukaidi, hadi nilipompangia vifuniko vya soda mezani nikaona kwamba macho yake hayazitenganishi rangi hizo mbili. Kwa hiyo juu ya rangi tukaongeza picha: ng'ombe kwa vitabu vya wanyama, mafiga kwa hadithi, nyumba kwa mambo ya familia, ngoma kwa nyimbo na mashairi. Weka picha tangu mwanzo.

Mwalimu mwenzangu wa darasa la pili alinikejeli: "Hawajui hata a-e-i-o-u, unawafundisha maktaba?" Wengi wanafikiri hivyo. Lakini tazama mambo ambayo mtu anayafanya maktaba: anatafuta kilipo kitu, anachagua, anakishika vizuri, anakitumia, anakirudisha kilipokuwa ili mwingine akikute. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji irabu. Na asiyeyajua hayo, hata akihitimu kidato cha nne ataingia maktaba asimame mlangoni.

Nilichokuja kushikilia ni kuanza na kurudisha. Walimu wengi huanza na kusoma, wanamalizia na "haya, rudisheni vitabu," kengele inalia, na vitabu vinarushwa. Sisi wiki za mwanzo hatukusoma kabisa. Tulicheza mchezo wa kurudisha: namkabidhi mtoto kitabu, anatazama rangi na picha, anakipeleka kwenye tenga lake, jalada mbele, kichwa juu. Nilikuwa nageuza vingine makusudi, vichwa chini, waniambie kosa liko wapi. Hiyo walipenda mno. Hakuna kinachomfurahisha mtoto wa awali kama kumsahihisha mwalimu.

Baadaye kila mtoto akapewa kibao chake chembamba kama rula, kilichochorwa alama aliyoichagua mwenyewe. Akitoa kitabu, anachomeka kibao pale kilipotoka. Akirudi anatafuta kibao chake. Fundi seremala alitukatia vibao hivyo kwa mabaki ya mbao, bure, tukamlipa soda. Pamoja na faida ya mpangilio, vibao vilinisaidia kujua nani ana kitabu kwa kutupia jicho tu.

Wanaingia kumi kumi. Watoto 60 kwenye matenga manne ni vurugu, na hiyo haiwi maktaba. Kumi wanakuwa mkekani na mimi, waliobaki wanachora au wako nje na mama anayejitolea kutusaidia. Kama huna msaidizi, fanya siku moja kwa wiki kwa kila kundi. Ni polepole lakini inawezekana. Kabla ya mkeka kuna beseni na sabuni. Tulikuwa na kipindi baada ya uji na maandazi, na mafuta ya maandazi hayatoki kwenye karatasi, hivyo kipindi kikahamishiwa kabla ya uji. Kufunua ukurasa ni kwa kona ya juu, kidole kimoja kikiteleza chini ya karatasi. Ukimwacha mtoto afunue kutoka katikati chini, karibu na mshono, ndipo kurasa zinapong'oka. Hilo linafundishwa kwa mkono, wala si kwa maelezo. Unaushika mkono wake, mnafunua pamoja.

Kimya sikudai. Mtoto wa miaka mitano anasoma picha kwa mdomo. Anayeona chui anapiga kelele "chui!" na wenzake wanamfuata kuona. Sauti ya chini ndiyo, kimya hapana.

Jambo nililojifunza kwa raha kuliko yote lilitokana na ugomvi. Kulikuwa na kitabu cha Sungura na Fisi, jaladani sungura amevaa kaptura. Mvulana mmoja alikitia kwenye tenga la wanyama. Binti mmoja mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, akakitoa akakipeleka kwenye tenga la mafiga. Kikarudishwa. Kikatolewa.

"Kwani sungura si mnyama?"

"Mnyama. Lakini huyu anaongea."

"Kasuku naye anaongea!"

Binti akafikiri kidogo, mkono kiunoni. "Kasuku haongei. Anaiga."

Nilikuwa na jibu mdomoni, maana kitabu kilikuwa na alama yake mgongoni na kesi ingeisha pale pale. Nilinyamaza. Wengine wakajikusanya, na baada ya mabishano yaliyokula nusu ya kipindi wakatoa hukumu: mnyama akivaa nguo, au akipanga hila, ni wa mafiga. Mnyama anayekula tu na kulala ni wa ng'ombe. Wiki chache baadaye tukafika kwenye picha ya mbwa wa polisi aliyevishwa koti, na kesi ikafunguliwa upya. Aliishia kwa ng'ombe, kwa hoja kwamba koti hakulinunua yeye.

Sasa sikiliza hili. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, ina maktaba za mikoa, na ya kwetu iko mjini Morogoro. Tuliomba kwa barua kupeleka watoto. Mkutubi alipokuwa akinielekeza alinieleza namba za migongoni mwa vitabu: mfumo wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876, unaweka elimu ya wanyama kwenye 590 na hadithi za jadi kwenye 398.2. Sungura wa kweli na Sungura mjanja wanatengwa na namba karibu mia mbili. Watoto wangu walikuwa wamechora mpaka huohuo mkekani, bila kujua kusoma. Tangu hapo, kitabu kipya kikifika sikibandiki alama mimi. Kinawekwa katikati ya mkeka, wanakiangalia picha zote, wanaamua. Wakikosea kwa mtazamo wangu, kinakaa walikokiweka. Wao ndio watakaokitafuta.

Kuhusu safari yenyewe, machache ya kukusaidia. Peleka barua mapema na uende mwenyewe kwanza uone choo kiko wapi. Usipeleke darasa zima kwa mkupuo; sisi tulikwenda kwa mafungu, kwa daladala ya kukodi, wazazi wakichangia nauli, na waliokosa mchango tuliwabeba hivyo hivyo maana huwezi kumwacha mtoto wa miaka mitano akiangalia wenzake wanaondoka. Gharama hiyo iliniangukia mimi na mwalimu mwenzangu. Uliza pia masharti na ada ya uanachama wa watoto kabla, uwaambie wazazi. Na watoto wakiingia, wape kazi. Tuliwaambia watafute sungura. Mtoto asiye na kazi kwenye chumba kikubwa chenye vitabu vingi anatishika, anakaa kwenye kiti anasubiri kuondoka.

Kuazima kwenda nyumbani tulikuchelewesha hadi muhula wa pili, na nashauri hivyo. Fundi cherehani alitushonea mifuko kwa vipande vya vitenge vilivyobaki kwa wateja wake, akatoza uzi na kazi tu. Daftari la kuazima lina alama ya mtoto, picha ya kitabu niliyoichora kwa haraka (michoro yangu ni aibu, lakini wanaielewa), na mtoto mwenyewe anaweka tiki akichukua, tiki akirudisha.

Wiki ya kwanza mifuko mingi ilirudi asubuhi yake, haijafunguliwa. Mama mmoja aliniletea kitabu mkononi: "Mwalimu, chukua kitabu chako, mdogo wake asije akakichana nikaja kudaiwa." Tuliitisha kikao cha wazazi, nikawasomea ule muhtasari wa kamati, nikakinyanyua kitabu kilichokwisha kuchanika nikawaonyesha hakuna aliyelipa. Ndipo mifuko ikaanza kukaa nyumbani. Ukitoza faini, hata ya shilingi mia, watakaoacha kuazima ni wale ambao nyumbani hawana kitabu hata kimoja.

Bibi mmoja, aliyekuwa akimlea mjukuu wake, alinifuata baada ya kikao. "Mwalimu, shikamoo usiniamkie, nina haraka. Mimi kusoma sijui. Hicho kitabu nitamfanyia nini?" Nikamwambia, bibi, hata yeye hajui bado, tazameni picha mzungumze. Kitabu kilikuwa cha mbuzi aliyepotea. Mtoto alirudi Jumatatu akatusimulia darasani: mbuzi yule alikuwa wa babu yake kule Matombo, aliibwa usiku, na mwizi alijulikana kwa sababu mbuzi alilia jina la mwenyewe. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa kitabuni. Watoto watatu walikitaka kitabu hicho siku hiyohiyo, na mmoja akakirudisha akilalamika kwamba chake hakina mwizi.

Hasara nayo niiseme bila kuficha. Mwaka wa kwanza, takribani kitabu kimoja kati ya kila kumi vilivyokwenda nyumbani hakikurudi au kilirudi hakitengenezeki. Kimoja kilitumika kuwashia jiko. Kimoja kilikwenda na familia iliyohama. Nililia kidogo kwa ajili ya kile cha familia iliyohama, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote, halafu nikajiambia kwamba angalau kimekwenda na mtoto anayejua kukirudisha kwenye tenga, kama huko aendako liko.

Vilivyochanika vina kasha lao mlangoni, watoto wanaliita wodi. Kanuni ni kwamba anayemleta mgonjwa haulizwi nani kamuumiza. Tulipokuwa tukiuliza, vitabu vilifichwa nyuma ya matenga na tulivikuta vikiwa vimeliwa na panya. Kwa ukurasa uliochanika usitumie selotepu. Inageuka njano, inakauka, inachukua na maandishi. Kata kijikanda cha karatasi nyembamba, paka gundi nyeupe ya seremala iliyoongezwa maji kidogo, bandika, weka karatasi ya nailoni juu na kati ya kurasa zisigandane, kisha lundika vitabu vizito hadi kesho. Gundi ya uji wa ngano nayo inashika vizuri na ni bure, ila mende wanaipenda. Likizo ndefu vitabu vyote vinakaa kwenye ndoo za plastiki zenye mifuniko, zile zilizobaki na rangi za nyumba, zikiwa zimeoshwa na kukaushwa juani.

Lililobaki bila jibu ni darasa la kwanza. Watoto wetu wanavuka ukumbi, wanaingia chumba chenye madawati na ubao tu, na wakati wa mapumziko wanarudi mlangoni kwangu kuomba vitabu. Kuwakatalia siwezi, na vitabu havitoshi madarasa mawili. Kwa sasa wana siku yao, Ijumaa baada ya vipindi, na mwalimu wao amekubali tenga moja lihamie kwake muhula ujao endapo tutapata vitabu vya kulijaza. Yule mwenzangu wa darasa la pili naye ameshauliza matenga tulinunua kwa nani.